Azithromaisini kwa mtoto anayeharisha: utafiti wa ABCD ulisema nini hasa?

Mjadala wa dawa za kuharisha ukiibuka kati ya wanafunzi wa afya, kuna utafiti mmoja ambao hauchelewi kutajwa. Ni ABCD, jaribio kubwa la dawa lililofanyika katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwemo, na kuchapishwa kwenye jarida la JAMA Network Open mwezi Desemba 2021. Anayesema mtoto anayeharisha asipewe antibaiotiki anautaja. Anayesema apewe, naye anautaja. Utafiti mmoja, namba zilezile, hukumu mbili.

Nimeurudia kuusoma, safari hii pamoja na uchambuzi uliofuata baadaye, na msimamo wangu ni huu: ABCD ni kazi nzuri kuliko nyingi zilizoitangulia, lakini ule muhtasari wake unaosambaa, kwamba "hakuna faida", hauelezi kilichopatikana. Ndani yake kuna namba moja iliyofaulu mtihani wa takwimu lakini haina maana yoyote kwa mtoto. Kuna nyingine iliyofeli mtihani huohuo, na bado hatuwezi kuitupa. Ukishajua kutofautisha hizo mbili, umejua kusoma karibu jaribio lolote la dawa.

Kwanza, mtoto anakufa kwa nini?

Kuharisha kunaua zaidi ya watoto laki nne wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Kinachoua haraka si kinyesi chenyewe, ni maji na chumvi zinazotoka nacho. Hapo ndipo ORS inapoingia. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna protini zinazobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata pale sumu ya bakteria inapousukuma mwili utoe maji. Kwa hiyo sukari iliyomo kwenye ORS haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Imewekwa ili kuivuta chumvi iingie, na chumvi ivute maji.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko wa namna hiyo kwa wakimbizi wenye kipindupindu huko Bongaon, India, baada ya dripu kumwishia. Miongoni mwa waliotibiwa pale, vifo vilishuka kutoka takriban 30% hadi chini ya 4%. Hakukuwa na dawa ya kuua vimelea iliyofanya muujiza huo. Ni maji, chumvi na sukari, kwa vipimo sahihi.

Sasa, ORS ina tatizo moja la kibinadamu: haisimamishi kuharisha. Mama anamnywesha mtoto tangu asubuhi, ikifika jioni nepi bado inajaa, naye anahitimisha kwamba haifanyi kazi. Kumbe inafanya kazi yake vizuri sana, ila kazi hiyo haionekani kwa macho. Ndiyo maana anaelekea duka la dawa kuomba "kitu cha kufunga tumbo", na mara nyingi anarudi na metronidazoli, ambayo mtaani wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, au antibaiotiki nyingine yoyote iliyokuwa karibu na mkono wa muuzaji.

Hapa ndipo swali la kisayansi linapozaliwa. Tukitaka kujua kama dawa fulani inafaa kwa kuharisha, tupime nini? Mara ngapi mtoto amepata choo? Siku ngapi ameharisha? Au kama bado yuko hai miezi sita baadaye? Maswali haya yanaweza kuwa na majibu tofauti kabisa kwa dawa ileile.

Dawa iliyofunga tumbo kweli

Mfano mbaya kuliko yote ni loperamidi. Dawa hii inapunguza mwendo wa utumbo, na ukipima idadi ya choo, inashinda. Mwaka 2007 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 13 yaliyofanywa kwa watoto, na kweli, waliopewa loperamidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kuendelea kuharisha baada ya saa 24. Lakini upande wa pili wa daftari ulionyesha watoto 8 waliopata madhara makubwa: utumbo kusimama, kulegea kupita kiasi, au kifo. Wote walikuwa kwenye kundi la loperamidi, na wote walikuwa chini ya miaka mitatu. Kwenye kundi la plasebo, yaani dawa ya kuigiza isiyo na kiambato, hakuwepo hata mmoja.

Na dunia ilikuwa imeshapata onyo mapema. Huko Pakistan, mwishoni mwa 1989 na mwanzoni mwa 1990, watoto wachanga waliopewa matone ya loperamidi walipooza utumbo, na baadhi yao walifariki. Kampuni iliyotengeneza matone hayo ikayaondoa sokoni. Ukipima choo peke yake, dawa ile ilikuwa imefaulu.

Somo la pili linatoka kwa probiotiki, wale bakteria "wazuri" wanaouzwa kwenye vifuko na vidonge. Mwaka 2010 mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio 63, yalikadiria kwamba probiotiki hupunguza muda wa kuharisha kwa takriban saa 25. Siku nzima! Ila mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo. Mwaka 2018 yakatoka majaribio mawili makubwa kwenye jarida la New England Journal of Medicine, moja la Marekani lenye watoto 971 na jingine la Kanada lenye watoto 886, yote yakitumia plasebo. Hakuna lililoona faida. Huko Marekani, waliopata ugonjwa wa wastani hadi mkali walikuwa 11.8% kwa probiotiki na 12.6% kwa plasebo. Kanada ilikuwa 26.1% kwa 24.7%, kinyumenyume kabisa. Cochrane ilipopitia upya mwaka 2020, ikabadili kauli: huenda probiotiki hazileti tofauti, au zinaleta ndogo tu.

Kwa hiyo tukiwa tunalipima jaribio jipya, tunalidai mambo mawili. Lipime kitu kinachomhusu mtoto, wala si nepi pekee. Na liwe kubwa kiasi cha kutosha ili bahati isijifanye dawa.

ABCD ilifanya nini

Kwenye madai hayo mawili, ABCD inasimama vizuri. Waliandikisha watoto 8,268 wenye umri wa miezi 2 hadi 23 huko Bangladesh, India, Kenya, Malawi, Mali, Pakistan na Tanzania, kati ya 2017 na 2019. Wote walikuwa wanaharisha majimaji, bila damu, na kila mmoja alikuwa na sababu ya ziada ya kuhofiwa: upungufu wa maji mwilini, ukondefu au udumavu mkali. Nusu walipewa azithromaisini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku tatu. Nusu walipewa plasebo. Mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, na si mzazi wala mhudumu aliyejua nani kapata nini. Wote, narudia, wote, walipata matibabu yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, yaani ORS na zinki.

Kwa nini mtu awape antibaiotiki watoto wasioharisha damu, wakati mwongozo unasema wasipewe? Sababu ilitokana na utafiti mwingine, GEMS, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2013. Ule ulifuatilia watoto wenye kuharisha kwa wastani hadi kukali katika nchi saba za Afrika na Asia, na kukuta kwamba ndani ya takriban miezi miwili, uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 8.5 ya wenzao wasioharisha. Vifo vingi vilitokea baada ya mtoto kuondoka kituoni. Maji yamerudishwa, mtoto karuhusiwa, halafu anafia nyumbani wiki kadhaa baadaye. Hao si watu wa kuokolewa na ORS peke yake. Pengine kuna bakteria aliyebaki, pengine utapiamlo, pengine vyote viwili vikisaidiana.

Hivyo ABCD haikuuliza "je, choo kitapungua?" Iliuliza mambo mawili mazito: je, mtoto atakuwa hai baada ya siku 180? Na je, atakuwa ameongezeka urefu baada ya siku 90? Hilo peke yake linaiweka juu ya majaribio mengi ya zamani. Waliouliza swali hili walikuwa wamejifunza kutokana na loperamidi.

Namba iliyofaulu bila maana

Tuanze na urefu. Watafiti hulinganisha urefu wa mtoto na kipimo cha kimataifa kwa kutumia alama-z. Sifuri maana yake yuko sawa na wastani wa umri wake, na namba hasi maana yake yuko chini. Ndani ya siku 90, watoto wa azithromaisini walishuka kwa 0.16, na wa plasebo wakashuka kwa 0.19. Tofauti ni 0.03, na masafa ya uhakika yake ni kutoka 0.01 hadi 0.06. Kwa kuwa masafa hayo hayagusi sifuri, kitakwimu tofauti "ipo".

Haya, tuigeuze iwe kitu cha kushika mkononi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hivi, alama-z moja ni kama sentimita 2.5. Zidisha kwa 0.03. Unapata chini ya milimita moja. Hata ukichukua ncha ya juu ya masafa, 0.06, unapata milimita moja na nusu. Rula ya shule ndiyo itakayokuonyesha faida hiyo, tena kwa shida. Na kumbuka makundi yote mawili yalizidi kudumaa; dawa haikuuzuia mwendo huo, iliupunguza kwa unywele.

Nikisikia mtu anasema "azithromaisini inasaidia ukuaji, ABCD imethibitisha", huwa namwomba aiseme kwa milimita. Ukiwa na watoto zaidi ya 8,000, hata kitu kidogo sana kitaonekana "kweli". Takwimu inajibu kama tofauti ipo. Kama tofauti hiyo inafaa kumpa mtoto dawa, hilo ni swali lingine, na takwimu haijiwezi hapo.

Namba iliyofeli lakini haijafa

Sasa vifo. Kwenye kundi la azithromaisini walifariki 20 kati ya 4,133. Kwenye plasebo walifariki 28 kati ya 4,135. Uwiano wa hatari ni 0.72, na masafa ya uhakika ni kutoka 0.40 hadi 1.27. Masafa haya yanavuka 1, kwa hiyo hatuwezi kusema dawa iliokoa maisha. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Shida inaanza pale "hatuwezi kusema iliokoa" inapogeuzwa kuwa "haiokoi". Hebu yasome masafa yale kwa Kiswahili cha kawaida: matokeo haya yanaweza kuwa yametoka kwenye dunia ambamo azithromaisini inapunguza vifo kwa 60%, na yanaweza kuwa yametoka kwenye dunia ambamo inaviongeza kwa 27%. Huo ni uwanja mpana mno. Jaribio halikutuambia kwamba athari ni sifuri. Limetuambia kwamba halikuweza kuona vizuri.

Waandishi wenyewe walikuwa waangalifu kuliko wasomaji wao. Waliandika kwamba hawakugundua faida ya uhai, kwamba vifo kwa jumla vilikuwa vichache, na kwamba faida huenda isizidi hatari ya usugu wa vimelea. Hiyo ni kauli ya mtu anayejua mipaka ya kipimo chake. Imefika kwenye slaidi za darasani ikiwa imepungua hadi maneno mawili.

Tufanye hesabu kidogo, ni ya kidato cha nne tu. Vifo 28 kati ya 4,135 ni kama 6.8 kwa kila watoto 1,000. Vifo 20 kati ya 4,133 ni kama 4.8. Tuseme tofauti hiyo ni ya kweli. Ina maana ungewapa dawa watoto zaidi ya 500 ili kumwokoa mmoja. Na ili jaribio liweze kuiona tofauti ndogo hivyo kwa uwezekano wa 80%, hesabu yangu inaniambia lingehitaji takriban watoto 48,000. ABCD ilikuwa na 8,268. Ni jaribio kubwa kwa vipimo vya kawaida, na bado ni dogo kwa swali lililoulizwa.

Kwa nini vifo vilikuwa vichache

Hapa ndipo ukosoaji wangu mkubwa ulipo, na hauwahusu watafiti peke yao.

Mtoto aliyeingia ABCD hakuwa mtoto wa kawaida anayeharisha kijijini. Alikuwa amefikishwa kituoni. Alipimwa upungufu wa maji na mtu aliyefundishwa kuupima. ORS ilikuwepo, zinki ilikuwepo, na kulikuwa na watu wa kumfuatilia kwa miezi sita. Maadili ya utafiti yanadai hivyo, na ni sawa kabisa: huwezi kumnyima mtoto ORS ili uone kama antibaiotiki itamwokoa. Lakini kwa kufanya hivyo, jaribio lilikuwa limeshampa kila mtoto, wa dawa na wa plasebo, dawa kubwa kuliko zote. Vifo vilivyobaki vya kupambana navyo vilikuwa 48 tu kwa jumla.

Mimi nalisoma hilo kama tokeo la tatu la ABCD, ambalo halikuandikwa kwenye jedwali. Watoto waliochaguliwa kwa sababu walikuwa hatarini, kwenye nchi ambako kuharisha kunaua, waliishi zaidi ya 99 kati ya 100 kwa miezi sita. Jaribio halikuwa na kundi lisilopewa matunzo hayo, kwa hiyo siwezi kukupa kiasi. Lakini linganisha na maisha nje ya utafiti: duniani, chini ya nusu ya watoto wanaoharisha ndio wanaopata ORS. Tunabishana kuhusu dawa ya nne wakati ya kwanza haijafika.

Na hilo linatuachia swali gumu. Mtoto anayefia nyumbani bila kufika kituoni hayumo kwenye ABCD. Tunaweza kusema azithromaisini inaongeza kidogo, kama inaongeza, juu ya matunzo mazuri. Kuhusu mtoto asiyepata matunzo hayo, jaribio limenyamaza.

Kuna utafiti mwingine unaogusa pengo hilo kwa mbali: MORDOR, uliochapishwa mwaka 2018. Huo haukuwahusu wanaoharisha. Uligawa azithromaisini mara mbili kwa mwaka kwa watoto wote wa chini ya miaka mitano kwenye jamii za Niger, Malawi na Tanzania, wagonjwa kwa wazima. Kwa jumla vifo vilipungua kwa 13.5%. Lakini ukizitenganisha nchi, Niger, ambako vifo vya watoto vilikuwa vingi zaidi, punguzo lilikuwa 18.1%. Malawi lilikuwa 5.7% na Tanzania 3.4%, na hizo mbili za mwisho hazikutofautishika na bahati. Dawa moja, ila faida inategemea imetua wapi.

Wastani unaoficha watoto wawili

Kuna jambo la pili ambalo wastani wa ABCD unalificha. "Kuharisha majimaji" si ugonjwa mmoja. Mtoto huyu ana rotavirusi, na antibaiotiki haimfanyi lolote kirusi. Mtoto yule ana Shigella au ETEC, aina ya E. coli inayotoa sumu, na hao ni bakteria. Ukiwaweka kapu moja na kutoa wastani, faida ya mmoja inamezwa na kutofaidika kwa mwingine. Ni kama kupima kama miwani inasaidia kusoma kwa kuwavisha darasa zima, wenye macho mazuri na wenye macho mabovu, halafu utoe wastani wa alama.

Baadaye kundi hilohilo la watafiti lilichukua sampuli za vinyesi za watoto zaidi ya 6,600 wa ABCD na kuzipima kwa vipimo vya vinasaba ili kujua kimelea. Zaidi kidogo ya robo walionekana kuwa na kuharisha kunakoelekea kabisa kusababishwa na bakteria. Kati yao, azithromaisini ilipunguza hatari ya kuendelea kuharisha siku ya tatu kwa karibu pointi 12 za asilimia, na hatari ya kulazwa au kufa ndani ya siku 90 kwa takriban pointi 3. Kwa watoto ambao bakteria hawakuelekea kuwa chanzo, faida siku ya tatu ilikuwa kama haipo.

Pointi 3 maana yake ni watoto kama 33 kutibiwa ili mmoja asilazwe au asife. Ukiilinganisha na zile 500 na zaidi za mwanzo, unaona kwa nini watu walichangamka. Ila twende polepole. "Kulazwa au kufa" ni kapu linalojazwa zaidi na kulazwa, maana vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo. Uchambuzi wenyewe ulifanywa baada ya jaribio kwisha. Na kipimo kilichowatenganisha watoto wale hakipo kwenye zahanati. Muuguzi wa zahanati anaona mtoto, anaona kinyesi, anaona kama kuna damu au hakuna. Hana mashine ya vinasaba. Kwa hiyo uchambuzi huu unatuambia kwamba kuna watoto ambao dawa ingewafaa. Hautupi namna ya kuwatambua leo mchana.

Wapo watakaosema: kama hatuwezi kuwatambua, basi tuwape wote. Hapo ndipo nakataa. Azithromaisini si dawa ya kuharisha tu. Ni dawa tunayoitegemea kwa trakoma. Huko Pakistan, moja ya nchi za ABCD, homa ya matumbo sugu iliyozuka mwaka 2016 imeacha azithromaisini ikiwa miongoni mwa dawa chache sana za kumeza zinazofanya kazi. Shigella wanaohimili azithromaisini wameshaonekana katika mabara kadhaa. Na MORDOR yenyewe, iliyofuatiliwa huko Niger, ilikuta viashiria vya usugu vimeongezeka kwenye jamii zilizopewa dawa. Kila dozi kwa mtoto mwenye rotavirusi haimpi yeye kitu, na inamkopa mtoto mwingine asiyejulikana. Deni hilo halikupimwa kwa uzito uleule kama milimita za urefu, ingawa ndilo lililoamua hitimisho la waandishi.

Tunaondoka na nini

Kama ningepewa nafasi ya kuandika upya sentensi ya muhtasari ya ABCD, ningesema hivi: kwa watoto walio hatarini ambao tayari wanapata ORS, zinki na ufuatiliaji, kuwapa wote azithromaisini hakuongezi urefu kwa kiasi cha maana, na kama kunaokoa maisha, ni machache kiasi kwamba jaribio la watoto 8,000 haliwezi kuyaona, huenda kuna kundi dogo linalofaidika kweli, na hatuna bado kipimo cha bei nafuu cha kulitambua. Ni ndefu, najua. Ila haimpi mtu yeyote fimbo ya kumchapia mwenzake.

Jaribio ambalo ningependa kuliona baada ya hili ni lile linalogawa dawa kwa kufuata kipimo cha haraka cha Shigella kinachofanyika kituoni, na sambamba nalo, jaribio la namna ya kuifikisha ORS na zinki kwa ile nusu isiyozipata. La pili halitachapishwa kwa mbwembwe, maana hakuna molekuli mpya ndani yake. Lakini kwa hesabu za vifo, ndilo ningeliwekea pesa zangu, kama ningekuwa nazo.

Kwa wewe uliyefika hapa ukiwa na mtoto nyumbani wala si mtihani wa epidemiolojia: mtoto akianza kuharisha, ORS ianze mara moja, kunyonya na kula viendelee, na zinki itolewe kama inavyoelekezwa kituoni. Ukiona damu kwenye kinyesi, macho yameingia ndani, amelegea, au hawezi kunywa, usisimame duka la dawa, nenda kituo cha afya. Damu ni moja ya hali ambazo antibaiotiki ina kazi yake hasa. Na ukikuta choo hakijapungua siku ya kwanza, usiitupe ORS. Haikuahidi kupunguza choo.

Na kwa wanafunzi wenzangu: mkisoma jaribio lijalo la dawa ya kuharisha, kabla ya kuangalia nyota pembeni ya namba, tafuteni mambo matatu. Walipima nini? Masafa ya uhakika yanaanzia wapi na kuishia wapi? Na watoto wa plasebo walikuwa wanapata matunzo gani? Mkiona mahali nilipokosea hesabu, maoni yako wazi hapo chini, karibuni tubishane.